Hela ya posa inalala kwa nani? Mahari ya Kichina na wanawake wanaobishana juu yake

(Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye kikao chetu cha kina dada hapa Dar. Waliokosa wameniomba niiandike, basi nimeiandika vilevile nilivyoongea, pale nilipopotea njia mtaniona napotea.)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu mambo vipi. Asanteni kwa kuniita. Nianze kwa kujitoa lawamani, mie sio profesa wa mambo ya China, nilienda kusoma tu, nikakaa miaka minne Nanchang, mkoa wa Jiangxi, na huo mkoa ukimtajia Mchina wa sehemu nyingine kwanza atacheka alafu atakuambia eeh, kwa wale wa mahari. Maana Jiangxi wanajulikana nchi nzima kwa mahari kubwa, kama vile huku kwetu yapo makabila ukiyataja tu watu wanaanza kuhesabu ng'ombe, siyataji, nataka nirudi nyumbani salama.

Twende kijijini kwanza. Mwaka wangu wa pili kule, sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, bweni limebaki tupu, rafiki yangu mmoja, nitamwita Xiao Mei, jina lake sio hilo, akanichukua kwao. Siku ya nne ya sikukuu dada yake mkubwa analetewa mahari. Mie nimekaa kwenye kigoda cha plastiki pale sebuleni, baridi ya kusini mwa China ile ya kuingia kwenye mifupa, watu wamevaa makoti ndani ya nyumba, chini ya meza kuna jiko la umeme la kuotea miguu. Mezani kitambaa chekundu, juu ya kitambaa mabunda ya noti, kila bunda noti mia moja za yuani mia, limekazwa kwa karatasi ya benki. Nikayahesabu kwa macho, kumi na nane, na pembeni moja jembamba kidogo. Yuani 188,000. Kwa hela yetu sio chini ya milioni 60, jamani, mezani, kando ya sahani ya karanga. Na hizo nane nane sio bahati mbaya, namba nane kwao inatamkwa karibu na neno la kutajirika, kwa hiyo hata aliyetaka kutoa 180,000 atasukumwa zifike hizo nane.

Shangazi mtu kaja na mashine ya kuhesabia hela, ile ya benki kabisa, trrrrr, trrrrr, mjomba anarekodi video. Baba wa kijana amekaa kimya, mikono imepasukapasuka, huwa anamwaga zege kwenye majengo huko Shenzhen, anatabasamu muda wote, kila mtu anampa sigara anazipachika sikioni. Na bibi harusi je? Yuko chumba cha pili, mlango wazi, anatafuna mbegu za alizeti anaangalia simu. Nikaenda kukaa naye. Akaniuliza swali moja tu, mashine imeshanyamaza?

Yale mengine mnayajua nyie kuliko mie. Mshenga yupo, wao wanamwita meiren. Dhahabu zipo, wanaita sanjin, dhahabu tatu, kwa kawaida pete, mkufu na bangili au hereni. Sisi tuna kishika uchumba, tuna mkaja wa mama, tuna kilemba, na wao wana bahasha nyekundu za kila kitu, mpaka kuna bahasha ya kubadilisha namna ya kuita, siku bibi harusi anapomwita mama mkwe "mama" kwa mara ya kwanza anapewa hela, neno moja, bahasha. Mie nililipenda hilo sana maana sisi tunaita bure. Na hiyo mahari yenyewe inaitwa caili, itamke kama tsaili.

Sehemu nyingine, hasa kaskazini, walikuwa wana mitindo ya kusema kiasi bila kutaja namba. Kuna ule wa "zambarau elfu kumi, nyekundu elfu moja, na kijani cha kutandaza", maana yake noti elfu kumi za yuani tano ambazo zina rangi ya zambarau, hapo hamsini elfu, noti elfu moja nyekundu za mia mia, hapo laki, na za hamsini za kijani kiasi cha kupendezesha. Kuna wengine wanaweka noti za mia kwenye mizani mpaka zifike jin tatu na liang tatu, hiyo ni kama kilo moja na gramu 650, ndio unakuta imevuka yuani laki moja na thelathini au arobaini elfu. Noti zinapimwa kama dagaa sokoni.

Sasa rudini nami kwenye ile nyumba, maana kilichonileta hapa hakikutokea mezani, kilitokea siku ya sita. Mama yake Xiao Mei alimchukua binti yake wakaenda mjini benki, wakaweka zile hela zote kwenye akaunti ya binti, jina la binti, na mama akaongeza 20,000 zake alizokuwa anadunduliza. Kadi akampa binti. Tukiwa tunaosha vyombo Xiao Mei akanionyesha kwa kidevu nyumba ya jirani, tumepakana ukuta, akasema yule binti wa pale aliolewa mwaka jana, mahari hiyohiyo, hakupata hata senti, kaka yake alikuwa anataka kuoa na upande wa mke wanataka flati mjini, kwa hiyo mahari ya dada ikaenda kuwa malipo ya kwanza ya flati ya kaka. Nyumba mbili, ukuta mmoja, neno moja, caili. Tangu siku ile nikisikia mtu anabishana mahari ya Kichina ni nzuri au mbaya mie nauliza kwanza, ipi? Ile iliyolala kwa binti au ile iliyolala kwa kaka?

Wasichana wa Kichina mtandaoni wana jina kwa dada wa namna ile wa jirani, wanamwita fu di mo, ni utani wa kusikitisha, maana yake kama jini la kumbeba mdogo wake wa kiume. Huyo mshahara wake, mahari yake, na akishaolewa mpaka hela ya mume wake, yote inatiririka kwenda kwa mtoto wa kiume wa kwao. Na wanaomlaumu wanasahau alilelewa hivo tangu ana miaka mitano, anakatiwa kipande kidogo cha nyama ili kaka apate kikubwa.

Historia nitaipitia mbiombio. Mahari kule ni ya kale, kwenye taratibu za ndoa za zamani, zile hatua sita, kuna hatua ya kupeleka zawadi ambayo ndio inafunga uchumba, ukishapokea huna njia ya kurudi nyuma. Na wanawake kulalamika sio jambo la juzi. Mwaka 1907 He-Yin Zhen, Mchina aliyekuwa Tokyo anatoa jarida na wenzake, aliandika kwamba ndoa kwa sehemu kubwa imekuwa mambo ya pesa na mwanamke hawezi kukombolewa kama uchumi wenyewe haujapinduliwa. Mwaka 1907! Alafu Novemba 1919 kule Changsha, binti mmoja Zhao Wuzhen, anapelekwa kwa mume asiyemtaka, amebebwa kwenye kiti chekundu cha maharusi, akajikata koo humo humo ndani ya kiti, njiani. Kijana mmoja mwandishi wa hapo Changsha akaandika makala mfululizo kwenye gazeti akisema jamii nzima ndio imemuua. Huyo kijana alikuwa Mao Zedong. Alipokuja kushika nchi, moja ya sheria zake za mwanzo kabisa ilikuwa Sheria ya Ndoa ya 1950, ikapiga marufuku ndoa za kulazimishana, masuria, kuchumbia watoto, na pia kudai hela au zawadi kwa kisingizio cha ndoa.

Kwa hiyo kisheria kudai hela kwa kisingizio cha ndoa kumekatazwa miaka zaidi ya 70. Na ilikoma? Thubutu. Miaka ya 70 watu walikuwa wanadai "vitatu vinavyozunguka na kimoja kinacholia", yaani baiskeli, saa ya mkono, cherehani, na redio. Miaka ya 80 ikawa televisheni, friji, mashine ya kufulia. Sa hivi flati, gari na taslimu. Ukitaka kujua China imetajirika kiasi gani we fuata orodha ya mahari tu.

Sasa kwa nini imepaa hivi? Jibu la haraka utakalopewa ni kwamba wanawake ni wachache. Na ni kweli, sera ya mtoto mmoja ilianza kama 1980, watu wakataka huyo mmoja awe wa kiume, mashine za ultrasaundi zikaja, na kufikia 2004 walikuwa wanazaliwa wavulana kama 121 kwa kila wasichana 100. Sensa ya 2020 ilikuta wanaume wamewazidi wanawake kwa karibu milioni 35. Basi mchumi atakwambia bidhaa ikiadimika bei inapanda, na hapo ndipo wanawake wa kule wanapochachamaa, kwanza umeniita bidhaa, pili mliopunguza wasichana sio sisi, sisi ndio tuliobaki.

Na kuadimika hakukupi nguvu lazima. Januari 2022 ilisambaa video ya mwanamke Xuzhou, mkoa wa Jiangsu, amefungwa mnyororo shingoni kwenye kibanda, baridi ya majira yale, mama wa watoto wanane. Serikali baadaye ikasema alitolewa Yunnan akauzwa, akauzwa tena. Mume alihukumiwa miaka tisa mwaka 2023. Nilikuwa na dada wa Kichina tunasoma darasa moja, huyo hakuwahi kuongea siasa hata siku moja, wiki ile alikuwa haongei kingine. Aliniambia hivi, wanaume milioni 35 wamekosa wake, wenye hela watalipa mahari, wasio na hela unadhani watafanya nini? Huo ndio uadimu wenu. Kuna wasichana wa Myanmar na Vietnam nao wamekuwa wakivushwa mpaka kwa sababu hiyohiyo.

Haya, tuingie kwenye ubishi wenyewe, maana wanaharakati wa kike wa China hawana sauti moja kwenye hili, na ndio sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Kuna wanaosema mahari ni bei, tuiache, tena tuiache na ndoa yenyewe. Hawa wa mtandaoni wakali kweli, mwanamke aliyeolewa wanamwita hunlü, punda wa ndoa, anabeba mzigo na bado anajivunia lijamu. Mie hilo tusi silipendi, nimelikuta linatupiwa kina mama waliochoka ambao wameingia tu kuomba ushauri, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kukombolewa kwa kuitwa punda. Wengine waliiga kutoka Korea ule msimamo wa kutochumbiana, kutoolewa, kutozaa, na mwaka 2021 magrupu yao kwenye mtandao wa Douban yakafungwa. Mjue pia kule barabarani hupati nafasi. Siku ya Valentine 2012 wasichana watatu walitembea Beijing wamevaa magauni ya harusi yaliyopakwa rangi nyekundu kama damu, kupinga vipigo majumbani, dunia nzima ikaona picha. Machi 2015 wanaharakati watano, akiwemo Li Maizi aliyekuwa mmoja wa wale wa magauni, walikamatwa kabla ya siku ya wanawake kwa sababu walitaka kubandika stika za kupinga unyanyasaji kwenye mabasi, wakakaa ndani siku 37. Mwaka uliofuata sheria ya kupinga ukatili wa majumbani ikaanza kutumika. Kwa hiyo ubishi wote umehamia kwenye simu, na kwenye simu watu hukaripia kuliko kusikilizana, tunajuana.

Alafu kuna wanaosema, ngoja kwanza, mnataka niache mahari, sawa, na nyumba je? Desturi kule upande wa mume ndio unanunua nyumba, upande wa mke unaleta fanicha, friji, pengine gari. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu kabisa ya China ikatoa tafsiri ya sheria, nyumba iliyonunuliwa kabla ya ndoa kwa jina la mume, mkiachana kwa kawaida inabaki kwake, wewe unafidiwa sehemu ya ule mkopo mliolipa pamoja. Fikirieni, ni kama ulikuwa mpangaji miaka kumi, na kodi yako ndio lile sofa ulilonunua. Sofa limechakaa, gari limeshuka bei, nyumba imepanda. (Sa hivi hata nyumba zimeshuka, hiyo stori nyingine.) Kijijini nako ukiolewa nje ya kijiji ardhi yako ya kwenu inayeyuka, wana msemo kwamba binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa, sheria mpya ya vyama vya uchumi vya vijijini iliyoanza Mei 2025 ndio inajaribu kuwalinda hawa. Kazini ukienda kwenye intavyuu unaulizwa una mpango wa kuzaa lini. Mtoto atabeba jina la ukoo la mume. Sasa katika mambo yote haya, hela pekee inayopita mkononi kwangu kwa jina langu ni caili, na ndio hiyo mnayoniambia niiache ili nionekane mwanamke wa kisasa?

Hoja hiyo ilinikaa. Na sio ya mabinti wa mjini tu. Yupo mtaalamu wa jamii na tamaduni, Yan Yunxiang, aliyeishi kijiji cha Xiajia, Heilongjiang, tangu ujana wake miaka ya 70 akaja kurudi kufanya utafiti miaka mingi, akaona jambo ambalo wazee hawakulitegemea: mabinti wenyewe ndio waliokuwa wanapandisha mahari, wanajadiliana wenyewe na wakwe, mara nyingine mchumba wa kiume anamnong'oneza mchumba wake dai zaidi, dai zaidi! Kwa sababu ile hela ilikuwa imeacha kwenda kwa wazazi wa mke, ilikuwa inakuja kwa maharusi wawili. Ilikuwa njia ya vijana kuchukua urithi wao mapema kabla kaka wengine hawajaoa. Kwa hiyo unayemwona ameuzwa, kumbe pengine ndiye anayemkamua baba mkwe. Nilicheka niliposoma, alafu nikamkumbuka yule baba wa zege na sigara zake sikioni, kicheko kikaisha. Xiao Mei aliniambia mzee alikopa kwa watu wanne.

Sasa nifike Datong. Hii nitaenda nayo polepole. Mkoa wa Shanxi, wilaya ya Yanggao, mwaka 2023. Kijana na binti wamekutanishwa na wakala wa ndoa, mahari wamekubaliana 188,000, namba ileile mnaona, na laki moja na pete vikatolewa siku ya uchumba, Mei mosi. Kesho yake kwenye flati kijana akamlazimisha. Binti alikuwa ameshasema wazi kwamba hataki kabla ya ndoa. Akaripoti. Desemba 2023 mahakama ikamhukumu kijana miaka mitatu kwa ubakaji, akakata rufaa, na Aprili 2025 mahakama ya juu yake ikashikilia hukumu ileile. Nawaombeni mjaribu kupata picha ya kelele zilizopigwa. Kuna watu, na sio wachache, walikuwa wanauliza kwa dhati kabisa, amebakaje wakati ameshalipa? Tena wakaeneza kwamba binti alikuwa anatafuta tu mahari, wakamwita laonü, mvuvi wa pesa, tunachosema huku mchunaji wa mabuzi, wakati familia yake ilikuwa imeshataka kurudisha ile laki na pete na upande wa kijana ndio ukakataa kupokea.

Hapo ndipo mie niliyekuwa naegemea upande wa pili nilipotikisika. Unaweza kuchukua mahari kama bima yako, kama fidia yako, kama urithi wa mapema, una akili zako zote, kadi ya benki ina jina lako, lakini yule aliyetoa anajua alichonunua? Wewe umeandika bima, yeye amesoma risiti. Mahakama ya Datong ilisema wazi kwamba uchumba na mahari sio ruhusa, nzuri sana, lakini hukumu ya mahakama na kichwa cha mwanaume aliyekopa kwa watu wanne ni vitu viwili.

Serikali nayo iko kwenye hii vita, ila tusiwachanganye, serikali haigombani na mahari kwa sababu imesoma He-Yin Zhen. Mwaka 2013 walisajili ndoa zaidi ya milioni 13. Mwaka 2024 ni milioni 6.1. Watu hawaoani, na kule asiyeoa hazai, mwenyekiti wa kijiji anaulizwa watoto wako wapi. Ndio maana waraka wa kwanza wa mwaka, ule wa serikali kuu kuhusu vijijini, wa 2019 na wa 2023 pia, unataja mahari kubwa kama tatizo la kushughulikiwa, na 2021 wizara ikachagua wilaya kadhaa za majaribio ya kubadilisha mila za harusi. Basi mwanzoni mwa 2023 kwenye mji mdogo mmoja huko huko Jiangxi kwetu, viongozi walikusanya wasichana ambao hawajaolewa, wakasaini ahadi kwamba watakataa mahari kubwa. Picha ikatoka, wasichana wamepangwa, karatasi mkononi. Nikamtumia Xiao Mei. Akajibu kwa sauti, sekunde nane hivi: "Kaka zao wamesaini nini?"

Na kweli, hakuna aliyewaita kina kaka wasaini kwamba watagawana nyumba na dada zao. Hakuna baba aliyesaini kwamba hela ya binti haitanunua flati ya mvulana. Karatasi ilipelekwa kwa mtu mwenye sauti ndogo kuliko wote pale mezani, yule wa chumba cha pili na mbegu zake.

Kuna wanaojaribu njia nyingine. Jiangsu na Zhejiang, zile sehemu tajiri ambako nyumba nyingi zilipata mtoto mmoja tu na ni wa kike, imezuka ndoa wanaita liangtou hun, ndoa ya ncha mbili. Hakuna mahari, hakuna fanicha za binti, kila upande una nyumba yake, hakuna anayeingia wala anayetoka, wakizaa watoto wawili mmoja anabeba ukoo wa baba mwingine wa mama. Inapendeza eeh? Inapendeza ukiwa na nyumba mbili. Na shinikizo la kuzaa wawili limo ndani yake, maana bibi wa upande wa mama naye anamsubiri wake. Guangdong ndio inasifiwa kwa mahari ndogo, bahasha tu, nyingine inarudishwa nusu, ila dada zangu wa kule watawaambia kupenda watoto wa kiume hakujapungua kwa sababu bahasha ni nyembamba, hasa huko Chaoshan. Mahari ndogo haimaanishi binti ana thamani sawa na kaka yake, inaweza kumaanisha tu kwamba amepata kidogo.

La mwisho, kurudisha. Tangu tarehe 1 Februari 2024 mahakama za China zina mwongozo mpya, kama ndoa imekaa muda mfupi na mahari ilikuwa kubwa, hakimu anaweza kuamuru sehemu irudishwe hata kama mlisajili ndoa na mkaishi pamoja, anaangalia hela zimetumikaje, binti alileta nini, kama kuna ujauzito au mtoto, na nani alikosea. Zamani ilikuwa vigumu zaidi mkishasajili na kuishi pamoja. Wazazi waliofilisika wakashangilia, na mie nimesema nimemwona baba wa zege, siwezi kujifanya sielewi. Lakini dada yule wa jirani, hela yake iko kwenye ukuta wa flati ya kaka, akitaka kutoka kwenye ndoa atairudisha na nini? Ataanza kuhesabu miezi, avumilie mpaka lini ndoa isiitwe fupi.

Hapa karibu na sisi Uganda wamekwenda upande wa pili kabisa. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu yao ilisema kudai kurudishiwa mahari ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba, mahari yenyewe hawakuifuta, walifuta kurudisha, kwa sababu mwanamke anayejua kwao hawana ng'ombe wa kurudisha anabaki kupigwa. Nchi mbili, tatizo moja, hukumu zimepishana. Nilimwelezea Xiao Mei, akanyamaza muda alafu akauliza, ng'ombe walikuwa wa nani? Nikamwambia wa baba. Akasema aah.

Dada yake, yule wa kadi, bado ana kadi. Hajaigusa, mume wake anajua ipo ila hajui namba ya siri, na mwaka juzi mama mkwe aliugua wakahitaji hela ya hospitali, ukawa mtihani, akatoa 30,000 akaandikisha kwamba ni mkopo. Mama mkwe mpaka leo amenuna. Mie sijui ningefanya nini pale, nilipomuuliza Xiao Mei anaonaje alisema dada amefanya vibaya na angekuwa yeye angefanya hivohivo.

Basi mie nimemaliza, tuna dakika ishirini za maswali. Naona yule dada pale nyuma mkono uko juu tangu nilipoitaja Uganda, naombeni mumpe maiki.